Msimu wa baridi: jiko lisilale ndani

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mwezi wa Julai, steji ya Dagoretti Corner tayari ina watu. Abiria wamejikunyata, mikono mifukoni. Makanga amevuta boshori hadi kwenye nyusi. Muuza uji amefungua birika lake na wateja wanashika vikombe kwa mikono miwili, si kwa njaa tu bali wapate joto. Jua halijaonekana, na huenda lisionekane hadi saa nane mchana.

Hapo hapo Dagoretti Corner, kando ya Ngong Road, ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Ndani ya uwanja wake kuna kituo cha kupimia hali ya hewa, ambako vipimajoto huwekwa kivulini, ndani ya sanduku jeupe lenye mianya ya kupitisha hewa. Kwa hiyo Nairobi inapotangaziwa kiwango cha baridi, vipimo vya mtaa huu ni miongoni mwa vile vinavyotegemewa. Mkazi wa Kawangware, Riruta, Ngando, Waithaka au Kabiria anayesema kwamba baridi ya upande huu ni kali hatii chumvi.

Makala haya yanaeleza baridi hiyo inatoka wapi, inaufanyia nini mwili, na familia inawezaje kuimaliza miezi ya Juni, Julai na Agosti salama. Jambo moja limepewa nafasi kubwa kuliko mengine, nalo ni jiko la makaa linaloachwa ndani ya nyumba usiku. Baridi ya Nairobi yenyewe huua watu wachache. Jiko linaloletwa kuifukuza linaweza kuua familia nzima kwa usiku mmoja.

BARIDI HII INATOKA WAPI

Jina la Nairobi lenyewe linatokana na maneno ya Kimaasai yanayomaanisha maji baridi. Jiji liko karibu sana na ikweta, lakini limeinuka. Dagoretti Corner iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, upande wa mashariki, uko takriban mita 1,620. Kwa kawaida kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa zaidi ya nusu nyuzi ya Selsiasi. Ndiyo maana mtu anayetoka Embakasi kumtembelea jamaa yake Riruta huhisi tofauti mara tu anaposhuka kwenye matatu.

Kimo pekee hakitoshi kueleza baridi ya Julai, kwa sababu Dagoretti haihami na mwezi wa Februari wakazi wake hulalamikia joto. Kinachobadilika ni upepo na mawingu.

Kati ya Juni na Agosti jua huwa limeelekea kaskazini, na nchi za kusini mwa ikweta ziko katika majira yao ya baridi. Kwenye Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mauritius na Réunion, hewa nzito na ya baridi hujikusanya na kusukuma upepo kuelekea pwani yetu. Watu wa pwani wanaujua upepo huo kwa jina la kusi, na majira ya ubaridi yanayoambatana nao huyaita kipupwe. Upepo huo huo ukitoka Mombasa na Lamu hupanda polepole kuja nyanda za juu. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, na unyevu ulioubeba kutoka baharini hugeuka kuwa mawingu mazito yanayokaa chini chini juu ya Nairobi, Kiambu, Murang'a na Nyeri.

Juu ya mawingu hayo mara nyingi hukaa tabaka la hewa yenye joto kidogo, ambalo hufanya kazi kama kifuniko cha sufuria. Mawingu hayawezi kupanda zaidi yakawa mvua kubwa, na jua halina nguvu ya kuyatawanya mapema. Yanayobaki ni manyunyu, ukungu na siku nzima ya kijivu. Kifuniko hicho hicho huzuia moshi wa magari, wa takataka zinazochomwa na wa majiko usipande, ndiyo maana asubuhi za Julai moshi huning'inia mtaani na kuwasha koo.

Kwa wastani, joto la juu la mchana mwezi wa Julai Dagoretti huwa karibu nyuzi 21 au 22, na la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 11 au 12. Wastani huficha mengi. Siku ambayo mawingu hayakufunguka, mchana unaweza kwisha bila joto kufika nyuzi 18. Na usiku ambao anga iko wazi, joto la ardhi hupotelea angani na alfajiri inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtu atakayetazama nyota nyingi jioni ya Julai ajue kwamba asubuhi itauma.

KWA NINI NYUZI 11 ZINAUMA HIVYO

Wapo wanaocheka kwamba nyuzi 11 si baridi, wakitaja nchi ambazo maji huganda barabarani. Tofauti ni nyumba. Huko, nyumba hujengwa kwa kuta nene na huwa na mfumo wa kupasha joto. Katika ploti nyingi za Nairobi, chumba ni mabati matupu au ukuta wa jiwe usiopigwa lipu, sakafu ni saruji, na mlango wa chuma una mwanya chini. Joto la ndani huishia kulingana na la nje. Mtu hulala kwenye nyuzi 12 saa nane mfululizo, na akiamka huoga kwa maji ambayo yamelala kwenye mtungi.

Mwili wa binadamu hutaka kubaki karibu na nyuzi 37. Ukishuka chini ya nyuzi 35, mtu yuko hatarini. Kwa mtu mzima mwenye afya na nguo kavu, hali hiyo ni nadra Nairobi. Lakini mtoto mchanga hupoteza joto upesi, hasa kichwani, na kwake hatari huanza mapema zaidi, chini ya nyuzi 36.5. Mzee hatetemeki kwa nguvu kama kijana, na wakati mwingine hahisi kwamba amepoa. Mtu aliyelowa manyunyu, asiye na makao, au mlevi aliyelala nje, wote huweza kupoa hadi kupoteza fahamu hata bila barafu.

Baridi pia huamsha magonjwa yaliyolala. Wenye pumu hubanwa kifua kwa hewa baridi na moshi. Wenye ugonjwa wa selimundu wanaweza kupata maumivu makali wanapopigwa na baridi. Wenye shinikizo la damu huona vipimo vikipanda, kwa kuwa mishipa hujibana. Watu hawa wote wanashauriwa wasikatize dawa msimu huu, na wenye pumu wahakikishe dawa yao ya kuvuta haijaisha.

Kuhusu mafua, baridi yenyewe si mdudu. Mafua huletwa na virusi, na virusi huenea zaidi msimu huu kwa sababu watu hufunga madirisha na kukaa kwa kubanana: darasani, kanisani, msikitini, kwenye matatu. Dirisha moja la matatu likiachwa wazi kidogo, abiria wote hufaidika, hata kama aliye karibu nalo atalazimika kufunga jaketi.

JIKO USIKU

Jiko la makaa ni rafiki wa nyumba nyingi. Hupika ugali, huchemsha maji ya kuoga na, jioni za Julai, familia huketi kulizunguka. Hatari huanza pale mlango unapofungwa na watu kulala jiko likiwa bado lina makaa.

Makaa yanapoungua mahali penye hewa kidogo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mtu anapoivuta, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini imebeba sumu mahali pa hewa safi. Ubongo na moyo hukosa oksijeni. Aliye macho huhisi kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Aliyelala hahisi chochote. Usingizi wake huwa mzito zaidi na zaidi, na majirani ndio hugundua asubuhi kwamba mlango haujafunguliwa.

Zipo imani kadhaa zinazowaponza watu, na ni vyema zijibiwe moja moja.

Ya kwanza ni kwamba makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi, ni salama. Si kweli. Moshi na sumu hii ni vitu viwili tofauti. Makaa mekundu yaliyofunikwa na majivu, yale yanayoonekana yametulia, bado huitoa.

Ya pili ni kwamba sufuria ya maji juu ya jiko hunyonya sumu. Si kweli. Maji hayaizuii hewa hiyo.

Ya tatu ni kwamba mwanya ulio chini ya mlango unatosha. Hautoshi, na mara nyingi usiku wa baridi ndio huo huo uliozibwa kwa tambara.

Ya nne ni kwamba aliyeathirika anywe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii kwenye damu. Kinachomsaidia ni hewa safi mara moja, kisha oksijeni hospitalini.

Kanuni ni fupi: jiko lisilale ndani. Liwashwe nje hadi makaa yashike. Wakati wa kupika chumbani, mlango au dirisha liwe wazi. Chakula kikiiva, jiko litolewe nje kabla mlango kufungwa, na makaa yazimwe kwa mchanga, majivu au maji. Lisiachwe kwenye korido ya ploti, kwa kuwa sumu huingia vyumba vya majirani na watoto hujikwaa gizani. Nyumba zenye tundu la hewa juu ya mlango au ukutani zisizibe tundu hilo. Atakayeona upepo unamsumbua azibe mwanya wa chini na aache wa juu.

Walinzi wa usiku wako katika hatari ileile. Kibanda cha mlinzi ni kidogo kuliko chumba, na jiko au mkebe wa makaa ndani yake hukijaza sumu haraka zaidi. Moto wa mlinzi ukae nje ya kibanda. Mwajiri anayempa mlinzi wake koti zito na chai moto humwondolea sababu ya kujifungia na makaa. Vilevile jenereta na gari lisilozimwa ndani ya gereji hutoa sumu hiyo hiyo.

Ikitokea watu wamekutwa hawaamki chumbani penye jiko, mwokoaji afungue mlango na madirisha kwanza, asikae ndani, awatoe nje mmoja mmoja na kupiga simu 999 au 112. Wote waliokuwa chumbani wapelekwe hospitali, hata yule anayesema sasa yuko sawa, kwa sababu sumu haitoki kwenye damu mara moja. Mwanamke mjamzito asibaki nyumbani kwa vyovyote, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huathirika zaidi ya mama.

KUPATA JOTO BILA MAKAA

Joto ambalo mwili unahitaji, unalitengeneza wenyewe. Kazi ya nguo, chakula na matandiko ni kulizuia lisipotee.

Nguo mbili nyembamba hushinda moja nene. Kinachozuia baridi ni hewa iliyonaswa kati ya vazi na vazi. Fulana, shati na sweta pamoja hufanya kazi kuliko koti moja juu ya ngozi. Soko la Toi na Gikomba hujaa majaketi na masweta ya mitumba msimu huu, na soksi mbili na boshori ni za bei nafuu kuliko gunia la makaa. Nguo iwe kavu. Nguo yenye unyevu huondoa joto mwilini, hivyo zile ambazo hazikukauka kwenye kamba zisivaliwe.

Kitandani, baridi nyingi hutoka chini. Katoni zilizofunguliwa au blanketi kuukuu chini ya godoro husaidia sana, hasa kwa anayelala sakafuni. Chupa ya mpira ya maji moto, iliyofungwa kwa kitambaa, ikiwekwa miguuni hupasha kitanda bila hatari. Chupa za plastiki za soda zisitiwe maji yaliyochemka, hulegea na kuunguza.

Uji, githeri, supu na chai ya tangawizi hupasha mwili na kuupa nguvu za kutengeneza joto. Maji yanywewe hata kama kiu haionekani. Pombe haisaidii. Hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto usoni huku joto la ndani likitoka. Anayerudi nyumbani usiku akiwa amelewa ndiye anayepoa haraka kuliko wote.

Hita za umeme zisiunganishwe kwenye ekstensheni moja pamoja na pasi na televisheni. Ile ya kuchovya kwenye ndoo ya maji ya kuoga izimwe na kung'olewa kabla mtu kugusa maji. Waya unaopata moto mkononi ni onyo. Mshumaa usiachwe ukiwaka karibu na pazia au kitanda. Moto wa umeme usizimwe kwa maji, swichi kubwa izimwe kwanza.

WATOTO

Mtoto mchanga hupata joto bora zaidi kifuani mwa mama au baba, ngozi kwa ngozi, akiwa amevikwa kofia na soksi na wote wawili wamefunikwa kwa leso na blanketi. Njia hiyo hutumiwa hospitalini kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na haihitaji kifaa chochote. Uso wa mtoto usifunikwe. Aogeshwe mchana, si alfajiri, akaushwe na kuvikwa mara moja.

Ugonjwa wa kuogopwa ni nimonia, yaani homa ya mapafu. Mzazi anaweza kuitambua mapema kwa kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii na hanyonyi, atazamwe kifua au tumbo linavyopanda kwa dakika moja nzima, kwa saa au simu. Pumzi zifuatazo kwa dakika ni nyingi mno:

- mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi;
- wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka 1: pumzi 50 au zaidi;
- wa mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto anayepumua hivyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au ana degedege, asisubiri hata saa moja. Dawa za kikohozi za watu wazima asipewe, wala dawa za antibiotiki zilizobaki za ndugu yake.

Chanjo dhidi ya nimokoko, mojawapo ya visababishi vikuu vya nimonia, ilianza kutolewa nchini mwaka wa 2011. Mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14, bila malipo katika vituo vya umma. Mzazi atazame kijitabu cha kliniki. Aliyepitwa na tarehe aende tu, atapangiwa.

MAJIRANI

Katika ploti nyingi, anayeteseka zaidi msimu huu ni yule asiyeonekana: mzee anayeishi peke yake, mama aliyejifungua juzi, mgonjwa asiyetoka kitandani. Kubisha mlango wake asubuhi na kuulizia hali ni jambo dogo. Akijibu kwa ulimi mzito, amechanganyikiwa, au alikuwa akitetemeka na sasa ameacha ilhali bado ni baridi, avuliwe nguo zenye unyevu, afunikwe, apewe kinywaji cha moto kama ana fahamu, na apelekwe hospitali. Asisuguliwe mikono na miguu, wala asipewe pombe.

Wenye ploti na wasimamizi wao wanaweza kusaidia kwa kutenga sehemu yenye paa, nje ya vyumba, ambapo wapangaji watapikia na kuacha majiko usiku. Wapangaji wengi huingiza jiko ndani kwa sababu nyingine kabisa: wanaogopa litaibwa. Sehemu hiyo ikiwa na mlango na kufuli, hofu hiyo inakwisha.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 wamekuwa na mikoba yao ya vifaa, hutembelea nyumba hadi nyumba na wanaweza kumchunguza mtoto au mzee papo hapo. Kwa wakazi wa Dagoretti, vituo vilivyo karibu ni pamoja na vituo vya afya vya Riruta na Waithaka, Hospitali ya Mutuini na Hospitali ya Mbagathi. Kwa dharura, simu ni 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199.

Kwa kawaida mawingu huanza kufunguka mwishoni mwa Agosti, na Septemba jua hurejea. Hadi wakati huo, kila jioni kabla ya mlango kufungwa, mtu mmoja katika kila nyumba apewe kazi ya kuuliza swali moja: jiko liko wapi? Jibu liwe ni nje.